Kabla Hujang'oa Ubao Uliooza

Nyumba ya mbao haiozi yote kwa pamoja. Zunguka nyumba yoyote ya mbao huko Limuru, Kinangop, Molo au Elburgon, ambayo imepigwa na mvua za miaka kumi na zaidi, na utaukuta uozo umejikusanya mahali palepale: ubao wa chini kabisa ulio karibu na udongo, pembe za chini za madirisha, vichwa vya mbao kwenye kona, na ukuta ule mmoja ambao mvua ya upepo huupenda kuliko zingine. Mbao za juu chini ya upenu huwa nzima kabisa, rangi tu ndiyo imepauka. Hii ndiyo habari njema ya kuanzia. Mwenye nyumba anayeambiwa na fundi kwamba ukuta mzima ubomolewe, mara nyingi ana kazi ya mbao sita au saba, na anaweza kuifanya mwenyewe akiwa na nyundo, msumeno na subira.

Lakini kabla ya kushika nyundo, tafuta maji yalikotoka. Kuvu wanaoozesha mbao hawaishi kwenye ubao mkavu. Unyevu ndani ya ubao ukibaki chini ya asilimia 20 hivi, kuvu hawaoti, hata ubao ukae miaka hamsini. Ubao wako umeoza kwa sababu ulilowa, ukakosa nafasi ya kukauka, ukalowa tena. Ukibandika mpya palepale bila kugusa chanzo, nao utafuata njia ileile.

Chanzo chenyewe kwa kawaida hakijifichi. Paa halina mfereji, basi maji hudondoka kutoka kwenye mabati, yakagonga ardhi na kuruka ukutani pamoja na matope. Ukiona madoadoa ya udongo yamepanda hadi magotini, umempata mhalifu. Au mfereji upo lakini umejaa majani ya mkaratusi na hufurika mahali pamoja. Au udongo umepanda. Nyumba ilipojengwa, msingi wa mawe ulionekana futi nzima; miaka ikapita, mama akapanda maua kando ya ukuta, watoto wakasukuma takataka za uani, mbolea ikamwagwa, na leo ardhi inagusa ubao. Ubao wa chini unapaswa kuwa juu ya ardhi kwa inchi 6 angalau, na 8 ni bora zaidi. Chimba udongo huo uutoe, hamisha maua, weka kokoto kwenye mstari yanapodondokea maji. Kazi hii ya jembe ndiyo inayookoa ukuta kuliko kitu kingine chochote nitakachokitaja humu, na haihitaji fundi wala hadwea.

Kuna chanzo kingine ambacho watu wa nyanda za baridi hujitengenezea wenyewe. Ili kuzuia upepo wa Julai, mtu hupigilia nailoni nyuma ya mbao, ndani ya nyumba, kisha hufunika kwa silingi bodi. Upepo kweli hukoma. Lakini mvuke wa sufuria na pumzi za watu hupenya kwenye matundu na maungio, hugusa ukuta baridi na kugeuka maji, na maji hayo hayana pa kutokea. Ukifungua ukuta wa namna hii utakuta uso wa nje wa ubao una rangi nzuri na mgongo wake umekuwa mweusi. Kama unataka kuzuia upepo, tumia karatasi ya ujenzi inayopitisha mvuke, na uache nafasi ya nusu inchi kati yake na mbao kwa kupigilia fito nyembamba. Hewa ikipita nyuma ya ubao, ubao hukauka pande zote mbili.

Sasa pima uharibifu. Chukua bisibisi, ubonyeze ubao kila baada ya shibiri moja, hasa chini na kwenye vichwa. Ubao mzima hukataa ncha, uliooza huimeza. Usidanganywe na rangi, maana rangi inaweza kusimama kama ganda la yai juu ya kitu ambacho ndani ni unga. Ukikuta matundu madogo ya mviringo na unga laini umedondoka chini, hao ni bungua. Ukikuta vijia vya udongo vimepanda kutoka kwenye msingi, hao ni mchwa, na hapo kubadilisha ubao peke yake ni kuwaandalia chakula kipya. Vunja vijia vyote, fuatilia vinakotoka, weka dawa ya mchwa kwenye udongo kando ya msingi kwa kufuata maelezo ya chupa, kisha subiri uone kama vitajengwa upya kabla hujanunua mbao.

Jambo moja litaamua kama kazi hii ni yako au ya fundi: hali ya fremu. Nyuma ya mbao za ukuta kuna nguzo, na chini yake iko boriti inayolala juu ya msingi na kubeba nguzo hizo. Toa ubao mmoja wa chini, uichome boriti kwa bisibisi. Ikiwa ngumu, endelea mwenyewe. Ikiwa laini kwa urefu wa futi kadhaa, simama hapo. Kuibadilisha boriti ya chini ni kuinua uzito wa ukuta na paa kwa jeki na nguzo za muda, na hiyo si kazi ya kujifunzia Jumamosi.

Kuhusu mbao zenyewe nitakawia kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mbao tunazouziwa Kenya kwa kazi hii ni za saiprasi au za msonobari. Tanzania, msonobari ndio umetawala, mwingi ukitoka katika mashamba ya miti ya Sao Hill, Mafinga. Kwa ukuta wa nje, chagua saiprasi ukiipata. Huvumilia hali ya hewa kuliko msonobari ambao haujatiwa dawa. Lakini saiprasi ipi? Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yake, na hadi Rais William Ruto alipotangaza mwaka 2023 kuiondoa marufuku hiyo, wapasuaji wengi walitegemea miti ya mashamba ya watu, na mti wa shambani mara nyingi hukatwa mapema kwa sababu ada ya shule haingoji. Mti mchanga una kiini kidogo na sehemu kubwa ya nje iliyo nyeupe, na sehemu hiyo nyeupe ndiyo inayooza haraka na kuliwa kwanza na wadudu. Kwa hiyo yadini usichukue mbao zilizo juu ya rundo. Pekua. Tafuta ubao wenye rangi ya kahawia hafifu kwa upana wake mwingi, wenye vifundo vidogo vilivyoshikana na ubao, si vile vyeusi vinavyotikisika na kuacha tundu. Uangalie kutoka kichwani kwa jicho moja uone kama umejipinda.

Halafu uinue. Ubao mbichi ni mzito ajabu, na siku hizi mwingi unaouzwa ni mbichi, uliopasuliwa juzi. Ubao mbichi wenye upana wa inchi 8 unaweza kusinyaa kwa robo inchi ukikauka ukutani. Robo inchi ndiyo nyufa unazoziona katika nyumba mpya, zile ambazo wenyewe huzijaza magazeti wakati wa baridi. Nunua mbao mapema, kwa mfano Novemba, ukazipange mahali penye kivuli na upepo, juu ya mawe au vipande vya mbao, ukiweka fito za unene uleule kati ya safu na safu, na fito hizo zisimame wima moja juu ya nyingine. Funika juu kwa bati, acha pande wazi. Paka rangi iliyobaki kwenye vichwa ili visikauke upesi na kupasuka. Hesabu miezi miwili au mitatu, kutegemea ubaridi wa kwenu. Kama huna kipimo cha unyevu, tumia mizani ya duka: kata kipande cha futi moja kutoka katikati ya ubao mmoja, kiweke ndani ya rundo, ukipime kila wiki. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki mbili mfululizo, mbao zimekauka kwa kadiri ya hewa ya kwenu. Kwa mpango huu utafanya kazi Januari au Februari, kabla ya mvua za masika, ambao ndio wakati wake.

Hesabu ya kununua ni rahisi. Mbao za kulaliana za inchi 6, zikilaliana inchi moja, kila moja hufunika inchi 5. Ukuta wa urefu wa futi 12 ulioharibika hadi inchi 30 kutoka chini unahitaji mbao 6 za futi 12, yaani futi 72. Ongeza vipande vitakavyotupwa, ufikie futi 80. Chukua kipande cha ubao wako wa zamani uende nacho yadini, maana inchi moja ya zamani haikuwa inchi ya sokoni ya leo. Mpya ukiwa mwembamba, hautakaa sawa na wenzake; itabidi uweke ufito nyuma yake. Na kama nyumba ni ya zamani, yenye mbao za mwerezi, ziheshimu. Mwerezi mchwa hawaupendi na hukaa miongo mingi, na kupata mwingine leo si rahisi. Mara nyingi ubao wa mwerezi umeoza kichwani tu: kata sehemu mbovu, tumia iliyobaki mahali pafupi. Wa kununua, hakikisha muuzaji ana kibali cha kusafirisha mbao, la sivyo askari wa misitu watakuuliza wewe.

Misumari iwe iliyotiwa zinki. Ile ya kawaida hupata kutu, ikachora michirizi myeusi chini ya kila kichwa, na kutu hiyo hula ubao kuuzunguka. Kwa mbao zinazolaliana tumia inchi 3 au 3 na nusu, kwa sababu msumari unapita kwenye ubao, unavuka uwazi nyuma yake, ndipo unafika kwenye nguzo. Kwa mbao za kusimama zilizolala bapa, inchi 2 na nusu zinatosha.

Kung'oa kuna adabu yake. Kwanza zima umeme kwenye swichi kuu kama kuna soketi au waya katika ukuta huo. Katika nyumba nyingi za mbao nyaya zimepita popote fundi alipoona panafaa. Vaa viatu vya ngozi na miwani ya kukinga macho. Kisha ingiza mtaimbo mdogo wenye ncha bapa chini ya ukingo wa ubao mbovu, uinue kidogo, halafu uurudishe kwa kugonga na nyundo juu ya kipande cha mbao. Ubao ukirudi, vichwa vya misumari hubaki vimechomoza, nawe huvivuta kwa nyundo ya kucha. Usivute msumari ukiegemeza nyundo moja kwa moja kwenye ubao wa jirani. Weka kipande cha mbao katikati. Misumari ikitoka, legeza ubao wa juu yake kwa kabari mbili, na ule mbovu utateremka.

Ukikataa kuteremka, maana yake ni kwamba fundi wa kwanza alipigilia msumari ukapita mbao mbili, wa juu na wa chini, kwa pamoja. Ni desturi iliyoenea, na ni mbaya. Ubao hupanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Ukifungwa juu na chini hauna pa kuchezea, basi hupasuka katikati. Misumari hiyo huwezi kuivuta bila kuharibu ubao mzima wa juu, kwa hiyo ingiza wembe wa msumeno wa chuma kati ya mbao mbili, umeshikwa na kitambaa upande mmoja, uikate. Ni kazi ya kuchosha mkono, lakini inaokoa ubao wa juu.

Kama ni sehemu tu ya ubao mrefu imeoza, kata mahali penye katikati ya nguzo, ili vichwa vyote viwili, cha zamani na cha kipya, vipate pa kushikiliwa. Kipande kipya kiguse nguzo tatu angalau, na maungio ya mbao zinazofuatana yasisimame kwenye mstari mmoja, maana mstari huo utakuwa mlango wa maji.

Mbao za kusimama zina shida yao. Huoza chini, kwenye vichwa, na watu hukata inchi 10 za chini kwa mkato ulionyooka kisha wakabandika kipande kipya. Mkato wa namna hiyo hunywa maji kila mvua, maana kichwa cha ubao hunyonya maji haraka mno kuliko uso wake. Kata kwa mshazari, ule wa juu uteremke kuelekea nje, na kipande cha chini kikatwe kwa mshazari uleule, ili maji yatiririke nje badala ya kuingia. Bora zaidi ni kukata mbao zote za ukuta huo kwa kimo kimoja, kisha ukapigilia ubao mmoja mpana wa kulala chini yake, ukiukinga kwa ukanda wa bati uliokunjwa, unaoingia nyuma ya mbao za juu na kutokeza mbele ya ule wa chini. Ubao huo wa chini ukioza siku moja, utabadilisha huo peke yake bila kugusa mwingine.

Kabla ya kupigilia chochote, paka ubao mpya pande zote: mbele, nyuma, kingo na vichwa. Watu wengi hupaka uso wa mbele tu, tena baada ya kupigilia, na hilo ndilo kosa linalofupisha maisha ya ukuta kuliko rangi ya bei rahisi. Dawa ya mbao kwanza, ikauke, kisha rangi ya msingi. Kila ukikata kipande upya, kichwa kilichokatwa kipakwe tena hapohapo, mara mbili. Ukitumia dawa yenye boraksi, kumbuka kwamba huoshwa na mvua, kwa hiyo lazima ifunikwe na rangi.

Utaambiwa utumie oili chafu ya gari. Ni ya bure, na mbao huwa nyeusi kwa namna inayompa mtu imani. Mimi siishauri kwa ukuta wa nyumba. Haiingii ndani sana, rangi haishiki juu yake, huchafua udongo ambapo kuku wanachakura na watoto wanacheza, na harufu yake huingia vyumbani. Waachie watu wa ua wa ng'ombe, na hata huko nina shaka.

Kupigilia anza chini, uende juu. Ubao wa kwanza upimwe kwa pimamaji, maana ukikosea huo, zote zitafuata. Msumari mmoja kwa kila nguzo, juu kidogo tu ya ukingo wa ubao wa chini, usiuguse. Karibu na vichwa toboa kwanza kwa keekee, au gonga ncha ya msumari iwe butu. Msumari butu huponda nyuzi badala ya kuzipasua. Acha upana wa unene wa msumari kati ya kichwa cha ubao na fremu ya dirisha. Na usipige hadi ubao ujikunje kuelekea nguzo: kichwa cha msumari kikiligusa bapa la ubao, acha.

Juu ya dirisha weka ukanda wa bati unaopita nyuma ya ubao wa juu na kuinama mbele ya fremu. Usitegemee silikoni kufanya kazi ya bati. Silikoni hubanduka kwenye ubao, na maji yakishaingia nyuma yake, huyazuia yasitoke.

Rangi ya mwisho iwe ya nje, ya maji, mikono miwili, ukipaka baada ya umande kukauka na kuacha ifikapo saa tisa alasiri ili ishike kabla ya ukungu wa jioni. Vanishi isiyo na rangi usiipoteze pesa kwenye ukuta wa nje. Jua la nyanda za juu huipasua kwa muda mfupi, na hapo utakuwa na kazi ya kuipara yote. Kama unapenda kuona uso wa ubao, tumia mafuta ya mbao yenye rangi ya kahawia ndani yake.

Jambo la mwisho ni mabaki. Mbao zilizong'olewa huishia jikoni, kuni za bure. Zisizopakwa chochote hazina neno. Zilizopakwa rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi kama za umeme, vina aseniki: moshi na majivu yake ni sumu, hata kama chakula kimefunikwa. Vitenge mbali na kuni, visiguswe na jiko. Na usikwangue rangi ya zamani kwa msasa mkavu. Ilowanishe kwanza, watoto wakiwa mbali.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, chukua mwavuli utoke nje, usimame mbele ya ukuta uone maji yanapita wapi. Yakiwa bado yanarukia ubao mpya, tatizo liko kwenye mfereji na udongo, si kwenye mbao. Lirekebishe wiki hiyohiyo, rangi ikiwa bado nzima.